Paka mwenye kisukari anatafuta nyumba: umchukue, umlee kwa muda, au uchague mwingine?

Mji wa Lamu haujapungukiwa na paka. Wamejaa madakani, juu ya kuta za mawe na gatini wanakosubiri mashua za wavuvi, na anayetaka kufuga mmoja hahitaji kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kuwa yupo paka aliyeokolewa, wa umri wa makamo, mpole, lakini ana kisukari na hudungwa sindano asubuhi na jioni, ana haki ya kuuliza kwa nini amchukue huyo ilhali mtaani wapo wengi wasiodai zaidi ya kichwa cha samaki aina ya changu.

Makala haya ni ya yule aliyekwisha kumwona paka wa namna hiyo, moyo ukamwelekea, kisha akakwama. Mbele yake zipo njia tatu: kumchukua moja kwa moja awe wake, kumlea kwa muda kwa mapatano na waliomwokoa, kisha aamue, au kumwachia mwingine na yeye achukue paka mwenye afya. Nitazipima zote tatu kwa vigezo vile vile, ingawa si vyote vyenye uzito sawa.

Ugonjwa wenyewe

Kisukari cha paka kinafanana zaidi na kile cha binadamu kinachoitwa aina ya pili: mwili unakuwa sugu kwa insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, na kongosho linaloitengeneza nalo linachoka hatua kwa hatua. Huwapata zaidi paka dume waliohasiwa, wanene, wa makamo kwenda juu, wanaoshinda ndani bila ya kuwinda, na wakati mwingine huchochewa na dawa za jamii ya steroidi ambazo paka amepewa kwa ajili ya ngozi au pumu. Paka wa mtaani wa Lamu, mwembamba, mwenye miguu mirefu, anayeranda juu ya mapaa usiku kucha, hana sifa hizo. Anayekuja na kisukari huwa ni rahisi zaidi kuwa paka aliyefugwa ndani na kulishwa kupita kiasi, kisha mwenyewe akahama au akafariki.

Dalili zake ni kunywa maji mengi, kukojoa sana, na kula kwa pupa huku akikonda. Aliyeumwa muda mrefu bila ya matibabu anaweza kuanza kukanyaga kwa kisigino kizima cha miguu ya nyuma badala ya vidole, kwa kuwa mishipa ya fahamu imeathirika, na hali hiyo mara nyingi hupata nafuu sukari ikishadhibitiwa. Iko tofauti kubwa inayopasa kujulikana: baadhi ya paka, hasa waliogunduliwa mapema na kupewa insulini pamoja na chakula chenye wanga kidogo sana, hufikia hatua ya kuacha sindano. Hatua hiyo haina dhamana, na ugonjwa unaweza kurudi. Asikushawishi mtu umchukue paka kwa tumaini hilo peke yake.

Vigezo vya kupimia

Watu wengi huogopa sindano. Kwa maoni yangu hilo ni dogo kuliko yote: sindano ya insulini ni fupi na nyembamba, ngozi ya paka huinuliwa kwa vidole viwili ubavuni au nyuma ya shingo, dawa huingizwa chini ya mkunjo huo, na paka aliyeinamia sahani yake aghalabu hata hageuki. Yanayoamua ni mengine: nani yupo nyumbani saa zile mbili, dawa itakaa wapi kwenye joto letu, nani anashika chakula, fedha zinatoka vipi, na itakuwaje usiku mambo yakiharibika ilhali daktari yuko ng'ambo.

Saa

Insulini hutolewa kila baada ya saa kumi na mbili, pamoja na chakula. Hapa mkaazi wa Lamu ana bahati. Tuko karibu sana na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na siku ya mji imekwisha kupangwa kwa adhana. Nyumba inayoamka kwa swala ya alfajiri na kukusanyika tena kwa magharibi inaweza kudunga saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni bila ya kubadilisha lolote katika maisha yake. Kuchelewa kidogo hakuna neno. Kinachoharibu ni leo saa moja, kesho saa nne, keshokutwa kusahau. Hata Ramadhani ratiba ni ile ile, isipokuwa zamu ya jioni huangukia saa ambayo kila mkono uko jikoni ukiandaa futari, na hilo lipangwe mapema.

Kwa anayemchukua paka moja kwa moja, saa hizi mbili ni za miaka, maana paka ambaye kisukari chake kimetulia anaweza kuishi maisha marefu. Ndani ya miaka hiyo kutakuwa na arusi Pate, maziko Faza, safari ya Mombasa, na Maulidi yanayojaza nyumba wageni. Hapo ndipo ninapoona mipango mingi ikivunjika, kwa kuwa mwenye paka alikuwa peke yake. Mtu wa pili anayejua kudunga anatakiwa apatikane kabla ya paka kuingia ndani, na awe mtu kweli, mwenye jina, aliyekubali kwa kinywa chake: mke, kaka, binti wa jirani anayesomea uuguzi. "Tutaona" haihesabiwi.

Anayemlea kwa muda ana saa zile zile, ila zina ukomo, na waliomwokoa paka huwa ndio mtu wake wa pili. Paka mwenye afya hana saa; akikosa chakula cha jioni kwa sababu mmechelewa kurudi Shela, atanung'unika na yataisha.

Dawa na joto

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, kwa hiyo isiegemezwe kwenye ukuta wa barafu wa friji. Glargine, ambayo ni insulini ya watu inayotumiwa sana pia kwa paka, ikishafunguliwa mtengenezaji huiruhusu siku 28 chini ya nyuzi 30. Wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, vyumba vingi vya juu hupita nyuzi hizo mchana. Friji basi ni sharti, iwe yako au ya jirani mliyekubaliana naye. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo, na ukikatika kwa muda mrefu dawa ihamie kwenye chupa ya thermosi yenye barafu, ikiwa imefungwa kwa kitambaa kikavu isigusane nayo. Wapo wanaotegemea mtungi wa udongo uliolowekwa, lakini katika unyevu wa pwani mtungi hupoza kidogo tu na unafaa kwa saa chache.

Yapo mambo mawili ambayo mtu wa hapa anapaswa kuyauliza kabla ya kupewa dawa. La kwanza ni nguvu ya dawa. Glargine ya kawaida ina uniti 100 kwa mililita; Caninsulin, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, ina uniti 40. Kila moja ina bomba lake la sindano, na ukivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, alama ya uniti moja inakuwa imebeba uniti mbili na nusu. Kosa hilo linaua paka. La pili ni asili ya dawa: Caninsulin hutokana na nguruwe, glargine hutengenezwa maabara kwa kutumia bakteria. Kama jambo hilo lina uzito nyumbani kwenu, mwelezeni daktari wa mifugo mapema, na hukumu yake mwulizeni shekhe. Mimi sitoi fatwa.

Kuhusu dawa za kumeza, ni kweli zipo: Marekani iliidhinisha bexagliflozin kwa paka mwaka 2022 na velagliflozin mwaka 2023. Lakini hizo zimekusudiwa paka ambaye hajatibiwa kwa insulini, na paka wa kuokolewa kwa kawaida keshaanza. Usizitie kwenye hesabu zako.

Kwa mwenye kumchukua, mzigo huu wote ni wake. Kwa mlezi wa muda, mapatano yaseme wazi nani ananunua dawa na mabomba, na yaandikwe, maana maneno ya mdomo husahaulika dawa inapokwisha. Kwa mwenye paka mwenye afya, friji ni ya samaki tu.

Sindano zilizotumika nazo zina mahali pake. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na watoto hupita pekupeku wakienda chuo cha Kurani. Sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka itamdunga mtu. Zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa ipelekwe hospitalini.

Chakula

Paka mwenye kisukari anataka protini nyingi na wanga kidogo, na samaki hana wanga kabisa. Kwa mtu wa pwani hiyo ni habari njema, lakini ina masharti yake. Samaki mbichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo achemshwe. Samaki peke yake kila siku, hasa wa mafuta kama jodari, humpunguzia paka vitamini E na kuleta uvimbe wa mafuta ya mwili, kwa hiyo achanganywe na nyama au kuku, au, kinachofaa zaidi, alishwe chakula laini cha kopo kilichokamilishwa kwa paka, chenye taurini, kirutubisho ambacho paka hana budi kukipata. Chakula kikavu cha punje, kilicho rahisi kupatikana madukani, mara nyingi kina wanga mwingi. Samaki wa kupaka na mchuzi wowote wenye kitunguu au kitunguu saumu visimfikie, maana vitunguu ni sumu kwa paka yeyote.

Taabu kubwa zaidi ni vitu vinavyofuatana na samaki. Paka wa Lamu hula wali wa nazi uliobaki, sima iliyolowekwa mchuzi na kipande cha mkate wa mofa, na hula katika nyumba zaidi ya moja. Nyumba za mawe zina viwanda, yaani nyua za ndani, vilivyo wazi juu na mapaa yanayogusana, kiasi kwamba paka anaweza kutoka Mkomani hadi Langoni karibu bila ya kukanyaga ardhi. Bibi wa nyumba ya tatu anayemwekea kisahani kwa nia ya sadaka hajui kuwa anavuruga hesabu ya dawa. Anayemchukua paka huyu itambidi amzuie ndani kwa wavu juu ya kiwanda au kwa chumba chake maalumu, na apite kwa majirani kuwaeleza. Watu wetu ni waelewa, wengi wana mgonjwa wa kisukari nyumbani, na neno moja hutosha: "Ana sukari, tafadhali msimpe kitu."

Kuna onyo moja. Usibadilishe chakula ghafla kwa paka ambaye tayari yuko kwenye dawa. Wanga ukipungua, hitaji la insulini nalo huenda likapungua, na kipimo cha jana kikawa kikubwa mno leo. Mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na daktari.

Mlezi wa muda hana haja ya kujenga wavu. Chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa kinamtosha. Paka mwenye afya hana mipaka hii, ingawa akihasiwa, akanenepeshwa na kulazwa juu ya mto maisha yake yote, huenda akaishia kwenye ugonjwa huo huo.

Fedha

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa bei hubadilika na kila mtu anaujua mfuko wake. Kalamu moja ya glargine, yaani bomba lenye umbo la kalamu linalouzwa likiwa na dawa ndani, ina uniti 300. Paka anayepewa uniti moja mara mbili kwa siku hutumia uniti 56 kwa siku 28, kwa hiyo anayefuata muda wa mtengenezaji hutupa sehemu kubwa; mwulize daktari kama anaruhusu iliyohifadhiwa kwenye friji itumike zaidi. Kinachochosha mfuko taratibu ni vijiti vya kupimia sukari na nauli za kwenda kwa daktari.

Vijiti vina faida yake. Tone la damu huchukuliwa ukingoni mwa sikio na kupimwa kwa mashine ya kawaida ya watu, ambayo kwa damu ya paka huelekea kusoma chini kidogo kuliko ilivyo. Kipimo cha nyumbani kina thamani zaidi ya cha kliniki kwa sababu paka akiogopa sukari hupanda yenyewe, na paka aliyevushwa kwa boti hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha akapandishwa basi hawezi kutoa jibu la kweli. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa wiki mbili au tatu zilizopita na kisichodanganywa na hofu ya siku moja.

Paka mwenye afya naye si wa bure. Kuhasi, chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa za minyoo ni gharama ambazo wengi huziruka, kisha mwaka wa pili nyumba ina paka saba.

Usiku mambo yakiharibika

Ziko hatari mbili. Ya kwanza ni sukari kushuka mno: paka anayumba, analegea, anatetemeka, au anapata degedege. Asali kidogo hupakwa kwa kidole kwenye ufizi, bila ya kumimina mdomoni mwa aliyezimia, kisha akipata fahamu alishwe na daktari apigiwe simu hapo hapo. Ndiyo sababu ya kanuni ambayo kila anayeshika sindano lazima aijue: paka asiyekula asidungwe kipimo chake kizima kabla ya kuzungumza na daktari. Sukari ikiwa juu siku moja ina madhara madogo kuliko ikishuka usiku mmoja. Mkishindwa kukumbuka kama mtoto wa nyumba alishamdunga au bado, msimdunge. Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, yenye alama kwa kila sindano, huondoa ubishi huo.

Ya pili ni sumu ya ketoni (asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), inayompata paka ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa au aliyepatwa na ugonjwa mwingine juu yake. Hutapika, hataki kula, amezubaa, na pumzi yake inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huyo anahitaji dripu na uangalizi wa daktari, na hawezi kutibiwa kwa asali wala kwa kungoja asubuhi.

Kisiwani jambo hili ni zito. Kliniki ya punda ya Lamu, iliyofunguliwa mwaka 1987, iliwekwa kwa ajili ya punda. Kutibu paka mwenye kisukari ni ujuzi mwingine. Kutoka Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Kabla ya kukubali, uwe na namba ya daktari wa mifugo aliyewahi kutibu kisukari cha paka, hata akiwa Mombasa, ambaye amekubali kupigiwa simu. Mkaazi wa Malindi ana nafuu kubwa hapa, kwa kuwa havuki bahari usiku. Mlezi wa muda aseme mapema nani ana mamlaka ya kuamua matibabu ya dharura na nani atalipa. Mwenye paka mwenye afya anaweza naye kupatwa na dharura, lakini haiishi naye chumba kimoja.

Kwa hali yako

Kama nyumba yenu ina watu wazima wawili au zaidi wanaolala hapo karibu kila siku, mna friji inayofanya kazi, na tayari yumo mgonjwa wa kisukari mnayemdunga, kumchukua moja kwa moja kunawafaa zaidi ya mnavyodhani, kwa kuwa ujuzi na chupa ya sindano vimo ndani. Muhimu ni kalamu ya paka iwekwe mbali na ya binadamu na iandikwe jina.

Kama wewe ni nahodha, mvuvi, mwongoza watalii au mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Mombasa, na huna mtu wa pili, usimchukue kwa sasa. Ukitaka kumsaidia, lipia dawa yake akiwa kwa mwingine. Msaada huo ni wa kweli na waokoaji wengi huuhitaji kuliko nyumba isiyo na mtu jioni.

Kama hujui utaweza au hutaweza, mlee kwa muda. Muda huo uvuke angalau safari moja au sherehe moja ya kifamilia, maana wiki tulivu haipimi kitu. Aliyegunduliwa karibuni pia hufaa kulelewa kwanza, kwa kuwa kipimo chake bado kinapandishwa na kushushwa, na huo ndio wakati unaohitaji ziara nyingi kwa daktari.

Kama una watoto wadogo wanaomlisha kila paka anayelia, au kiwanda kisichoweza kuzibwa, au nyumba ya kupanga unayohama mara kwa mara, paka mwenye afya atakaa nawe kwa amani zaidi, na huyu mwingine atabaki na nafasi ya kupata nyumba inayomfaa.

Ukishaamua kumchukua, kwa kudumu au kwa muda, waombe waliomtunza wakupe kwa maandishi jina la insulini, aina ya bomba, kipimo cha sasa, tarehe aliyogunduliwa, uzito wake na vipimo vya sukari vya karibuni. Kisha omba siku moja uje saa kumi na mbili jioni, umlishe na kumdunga kwa mkono wako mbele ya aliyezoea, na mtu wako wa pili afanye vivyo hivyo asubuhi yake.